Utando Juu ya Utando

Saa tisa usiku Nevenka Araya
anasoma geji kama asomaye barua ya deni.
Juzi mshale ulilala kwenye moja na nukta mbili,
sasa moja na nukta saba.
Nusu ya namba haipigi kelele.
Pampu inanguruma vilevile,
kahawa inapoa vilevile kwenye kikombe cha bati,
na nje ukungu wa Pasifiki umepanda jangwani
ukalowesha waya, mabomba, mbwa wa mlinzi,
kila kitu ila kiu.

Atacama haidai mvua, ilishasamehe deni hilo.
Mji unakunywa bahari,
bilauri kwa bilauri, kupitia tando
zilizoviringishwa ndani ya mitungi myeupe
kama mazulia ya wageni wasiokuja.
Chumvi inabisha hodi, inarudishwa.
Maji yanapita,
si kwa hiari.

Wiki hii bahari imekuwa rangi ya chai ya rangi.
Mwani. Chembe moja moja si kitu,
hata darubini huitafuta;
zimezaana juani, zimekufa kwa mamilioni,
zimeacha ute,
na ute hauna haraka.

Unaingia. Unatanda.
Utando juu ya utando:
jina moja la mlinda lango
na la anayeliziba lango.
Umekuja na kitanda chake, umetandika,
na kazi ya Nevenka, kwa mshahara wa zamu ya usiku,
ni kutandua.

Usipoziba ufa, tuliambiwa, utajenga ukuta.
Hapa ni kinyume:
yeye analinda ufa usizibe,
maana ukuta unajijenga wenyewe, gizani,
bila fundi, bila saruji.

Kila zamu anachuja maji robo saa
kwenye karatasi ya duara, kisha anaibandika daftarini
na tarehe pembeni.
Jumatatu, nyeupe kama kaki.
Jumatano, maziwa yenye tone la chai.
Leo, kahawia inayoelekea kijani,
na harufu ya tango lililosahauliwa.
Ukurasa mzima wa miezi,
yote mipevu,
inayopatwa mmoja baada ya mwingine.

Mhandisi Baldovino, sauti nzito ya usingizi:
«Subiri kuche. Tangi la mlimani lina saa kumi na moja tu.»

Saa kumi na moja.
Anakumbuka mwaka jana walipoupasua mtungi kwa msumeno,
wakauviringua mezani kama wanaomwosha maiti,
wote wakanyamaza.
Alipitisha kidole.
Ute ulibaki chini ya ukucha siku tatu,
akikanda unga ananusa,
akimsuka bintiye ananusa.

Hangoji kuche.
Anafunga safu mbili kati ya nne,
anapasha moto magadi, anayazungusha
polepole, kama unavyolowesha sufuria ya wali
ili ukoko uachie wenyewe.
Maji ya kwanza yanatoka meusi.
Ya pili kahawia.
Ya tatu anayaangalia kwenye mwanga wa tochi
na hasemi kitu.

Moja na nukta tano.
Moja na nukta nne.
Anasubiri. Mbwa anajikung'uta.
Moja na nukta nne.
Haurudi kamwe palepale, mshale huu;
kila usafi unaacha kidogo kwake
na kuchukua kidogo kwa utando.

Kabla ya kuandika namba anampigia mama yake,
Doña Ercilia, wa mtaa wa juu kabisa,
aliyelelewa na lori la maji
lililokuja Alhamisi, au lisije.
«Mama, leo presha itashuka. Jaza ma—»
«Yamejaa.»
Madumu saba, kando ya kitanda, miaka yote hii,
na binti mwenye kiwanda kizima mikononi
aliyekuwa akiyaonea aibu.

Anakata simu. Anabandika duara la leo.
Gundi haijakauka,
linateleza kidogo upande wa kushoto.
Analiacha hivyohivyo.